Albamu Tuliyorekodi Kati ya Majora ya Kitambaa

Mtangazaji aliucheza wimbo wetu kwa muda mfupi tu, kisha akaukata. Akacheka na kuwauliza wasikilizaji kama ile ilikuwa bendi au ni gereji fulani iliyosahau kuzima mashine. Mwenzake studioni akacheka pia. Wakaweka wimbo mwingine, wa kuchezeka, na kipindi kikaendelea.

Nilikuwa nimesimama jikoni kwetu, mtaa wa Tena, Nairobi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akikata sukuma wiki, karai katikati ya miguu. Tulikuwa tumewaambia majirani wote wa ploti wasikilize, kwa hivyo wimbo wetu ulikuwa umekatwa katika kila nyumba kwa wakati mmoja, na kicheko cha yule mtangazaji nilikisikia mara mbili, mara moja kwetu na mara ya pili kupitia ukuta. Mama hakuinua kichwa. Alipomaliza kukata alisema kwamba hata yeye hakuuelewa muziki ule, lakini yule mtu hakulelewa. Akanyoosha mkono, akaizima redio, na ninavyokumbuka kituo kile hakikuwahi kufunguliwa tena nyumbani kwetu.

Hiyo ndiyo mara pekee albamu yetu ilipita hewani wakati ule. Sasa imetolewa upya ng'ambo, santuri mbili nyeusi ndani ya jalada zito, pamoja na nyimbo za ziada, mazoezi tuliyodhani yamepotea, na kijitabu cha maelezo. Watu ambao hawakuwahi kutusikia wananiandikia kwamba ni hazina iliyokuwa imefichwa. Mimi sikuificha. Ilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya katoni, na yeyote aliyeiomba alipewa.

Tulikuwa watatu. Mimi nilipiga gitaa la besi na kuandika sehemu kubwa ya maneno. Rafiki yangu aliimba na kupiga gitaa. Tulikutana sekondari ya wasichana, tukiwa tumewekwa dawati moja kwa sababu sote wawili tuliongea sana na mwalimu aliamini tungechoshana. Hatukuchoshana. Watu wake walikuwa wafanyabiashara wa vitambaa Eastleigh. Wazazi wake walikuja kutoka Somalia kabla yeye hajazaliwa, na yeye mwenyewe hakujua mji mwingine ila Nairobi. Akikasirika alitukana kwa Sheng ya kwao ambayo sisi wa Tena tulilazimika kuulizia maana yake.

Wa tatu alikuwa mpiga ngoma, kijana wa mtaa wa Umoja, baba yake dereva wa malori. Alikuwa ameanzia kanisani, akaombwa kwa upole apumzike kidogo kwa sababu waumini wa viti vya mbele walikuwa wanalalamika. Alipiga ngoma kama mtu anayebisha mlango wa nyumba inayoungua. Nilipomsikia mara ya kwanza, kwenye harusi ya binamu yake, nilimwacha bwana harusi akihutubia nikaenda kumngoja nyuma ya hema.

Tulitaka kupiga roki, ile yenye gitaa la kukwaruza na sauti inayopanda bila kuomba ruhusa, na tulitaka kuimba kwa Kiswahili. Hatukuona kwa nini vitu hivyo viwili visikae pamoja. Wengine wote waliona.

Mahali pa mazoezi tulipewa na kaka mkubwa wa rafiki yangu. Alikuwa na duka la jumla, na nyuma ya duka kulikuwa na stoo iliyojaa majora ya vitambaa kutoka sakafuni mpaka darini, mengine ya pazia, mengine ya sare za shule, mengine ya dirac, yale magauni mapana ya Kisomali yanayometameta. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alitupa Jumamosi alasiri, baada ya mizigo ya wateja wa mikoani kupakiwa, na masharti yake yalikuwa mawili: tusiketi juu ya vitambaa vya bei, na adhana ikianza tunyamaze. Tulikubali. Adhana ilipoanza tuliweka vyombo chini, rafiki yangu akaenda kuswali ghorofani na shangazi zake, nasi wawili tukabaki kwenye ngazi tukinywa chai ya maziwa ya ngamia ambayo kaka yake alituletea mwenyewe kwenye chupa. Mpiga ngoma wetu, ambaye kwao walikuwa Wakristo wa kwenda ibada zote, alizoea chai ile mpaka siku ilipochelewa alikuwa anaulizia.

Majora yale ndiyo yaliyotupa sauti yetu. Kitambaa kinameza mwangwi. Ngoma ikipigwa mle haikurudi kutoka ukutani. Ilikuja moja kwa moja na kukugonga kifuani, ikafa papo hapo. Gitaa lilisikika karibu sana, kama mtu anakuongelesha sikioni kwa hasira. Tulipoanza kurekodi, jamaa wa Buruburu aliyekuja na kompyuta yake na maikrofoni chache alihangaika siku nzima. Alituambia tutafute chumba chenye ukuta mtupu, maana hapa tunasikika kama watu wanaopiga muziki ndani ya blanketi.

"Basi hilo ndilo blanketi letu," rafiki yangu alimjibu. "Wewe rekodi tu."

Akarekodi. Tulifanya nyimbo zote mle, alasiri baada ya alasiri. Kulikuwa na wimbo kuhusu keiteka, msimamizi wa ploti, anayefunga milango ya wenye deni la kodi kwa kufuli kabla hawajarudi kutoka kazini. Kulikuwa na wimbo kuhusu foleni ya mitungi siku ya maji. Na kulikuwa na ule ambao mpaka leo ukianza nywele zangu husimama, wa msichana anayesimamishwa njiani na kuulizwa kipande, yaani kitambulisho, kila wiki na askari yuleyule, katika mtaa aliozaliwa. Maneno yake yalikuwa machache. Rafiki yangu aliyaandika mwenyewe, wala hakuhitaji kuyabuni. Mwishoni mwa wimbo aliacha kuimba akawa anasema tu, tena na tena, kwamba yeye ni wa hapa, huku gitaa likilia nyuma yake na ngoma ikigonga.

Albamu ilipotoka ilikataliwa pande zote mbili za mji. Tulienda kupiga kwenye baa moja ya Westlands ambako vijana wa roki walikuwa wanakusanyika. Walikuwa na jaketi za ngozi na magitaa mazurimazuri, wote wakiimba Kiingereza cha puani. Tulipomaliza, mwandalizi alituambia tuna nguvu, turudi tukiwa na nyimbo za Kiingereza. Huku kwetu Eastlands nako tuliambiwa ni kelele za wazungu, mara ni za kishetani, mara ni za watoto waliokosa kazi. Kijana mmoja wa gengeni aliniambia, bila ubaya wowote, "Siste, hiyo ngoma yenu ni poa lakini inaumiza kichwa." Nikamwambia imekusudiwa kuumiza.

Tuliizindua katika ukumbi wa jamii Umoja. Tulipanga viti vya plastiki vingi kuliko watu. Walikuja ndugu, majirani, na wateja wa duka la kaka wa rafiki yangu ambao nadhani alikuwa amewabembeleza. Mama wa mpiga ngoma aliziba masikio kwa viganja kuanzia wimbo wa kwanza, akaketi hivyohivyo, mgongo umenyooka, mpaka wimbo wa mwisho. Hakutoka. Nimewahi kupigiwa makofi na watu waliokuwa wanafurahia, lakini sijawahi kupewa heshima kama ile.

Kisha bendi ikaisha bila ugomvi. Rafiki yangu aliolewa, akahamia Kanada na mumewe. Mpiga ngoma alipata kazi ya kuendesha lori kama babake, akanunua kiwanja Njiru, akajenga polepole, na sasa ni mzee wa kanisa huko. Anapiga ngoma kila Jumapili, na kanisa la Njiru halijawahi kumwambia apunguze. Mimi ni karani katika ofisi ya bima mjini. Wazazi wangu walipostaafu walirudi Machakos, nikabaki na nyumba ileile ya Tena. Besi yangu niliitundika ukutani sebuleni. Wageni walidhani ni ya marehemu mume. Sikuwahi kuwa na mume, na nilichoka kueleza.

Barua pepe ilifika nikiwa kazini. Mwandishi alikuwa mtu wa Ulaya mwenye kampuni ndogo ya santuri, anayetafuta albamu zilizosahauliwa na kuzitoa upya. CD yetu ilimfikia kupitia jamaa fulani aliyeinunua kwenye meza ya mitumba. Aliandika kwa heshima. Alisema ameusikiliza wimbo wa kipande mpaka jirani yake akamgongea. Alitaka kujua kama tungemruhusu aitoe tena, na kama kuna rekodi nyingine zozote zilizobaki.

Niliisoma nikaifunga, nikaifungua tena wakati wa chakula cha mchana. Kisha nikampigia rafiki yangu. Kule kwake kulikuwa alfajiri, akadhani kuna msiba. Nilipomwambia ni nini alicheka, akasema niirudie polepole.

Rekodi zilikuwepo. Jamaa wa Buruburu siku hizi anapiga video za harusi, lakini alikuwa amehifadhi kila kitu kwenye diski moja ndani ya sanduku la nyaya. Alinipa bila maneno mengi. Aliniambia tu kwamba kati ya kazi zote alizofanya ujanani, hiyo ndiyo aliyokataa kuifuta kila alipohitaji nafasi.

Jumamosi ile nilifunga mlango, nikaketi sakafuni na spika ya kuazima, nikasikiliza. Ilikuwa miaka mingi sijaisikiliza albamu yangu mwenyewe. Nilikuwa najiandaa kuona aibu, maana mtu akisikia sauti yake ya ujanani mara nyingi hujikunja. Sikuona aibu. Niliona kwamba tulikuwa wazuri. Nasema hivyo bila kujifanya mnyenyekevu, kwa kuwa nimeusikia unyenyekevu wa kutosha kutoka kwa watu waliokuwa na kidogo kuliko tulichokuwa nacho. Besi yangu katika wimbo wa tatu inachelewa kidogo kila mara, na kuchelewa kule ndiko kunakoufanya wimbo uvute miguu kama mtu aliyebeba mtungi. Rafiki yangu anavuta pumzi kabla ya kila mstari na unaisikia, kubwa, kama ya mtu anayeingia maji baridi. Miaka ile nilidhani ni kasoro.

Halafu zikaja rekodi za mazoezi. Humo tunabishana, tunacheka, mpiga ngoma anahesabu kwa Kikamba kunichokoza kwa sababu alijua ni lugha ya kwetu, na anaikosea. Katikati ya wimbo wetu wa huzuni kuliko zote mlango unafunguliwa, na kaka wa rafiki yangu anauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ameona makasi. Tunaendelea kupiga. Anasikika akiyatafuta. Anasikika akiyapata. Mlango unafungwa. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikamwandikia yule wa Ulaya kwamba toleo hilo lazima liwemo, pamoja na makasi.

Alikubali. Kwa miezi kadhaa tulielewana vizuri. Kisha akatutumia rasimu ya kijitabu na jalada.

Niliisoma mara ya kwanza haraka na mara ya pili polepole. Kwa mujibu wa maandishi yale, tulikuwa mabinti wa mtaa wa mabanda. Rafiki yangu alikuwa mkimbizi aliyetoroka familia yake ili aimbe. Besi yangu ilikuwa imeundwa kwa mabaki ya mbao zilizookotwa. Mpiga ngoma, ambaye hakuwa binti, alitajwa mara moja. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya paa za mabati yenye kutu chini ya mawingu meusi, mahali ambapo sikupatambua. Na ile rekodi ndefu ambapo adhana inaanza msikitini na sisi tunanyamaza mmoja baada ya mwingine, alikuwa ameikata akachukua adhana peke yake, akaiweka mwanzo kabisa wa santuri, ili msikilizaji, alivyoandika, ajue amefika wapi.

Besi yangu ilinunuliwa kwa mwanamuziki wa hoteli aliyekuwa anastaafu. Shingo yake ilipopasuka, baba yangu, ambaye alikuwa mchongaji, aliitengenezea nyingine kwa mti mzuri wa mhugu aliouchagua kwa wiki mbili. Kama kuna kitu ambacho hakikuokotwa, ni mti ule.

Na nilipokuwa naifikiria rasimu ile, baba ndiye aliyenijia akilini. Maisha yake yote alichonga twiga. Twiga wakubwa, wadogo, wawiliwawili wamefungamana shingo. Aliuzia maduka ya mjini yanayouzia watalii. Wakati mmoja, nikiwa bado shule, alichonga mwanamke anayesukuma chapati, ameinama juu ya kibao, leso imemteremka begani. Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya chini na kila mtu alimtambua. Mwenye duka alimrudishia baba kinyago kile. Alimwambia watalii hawakuja Kenya kuona hiyo. Baba alikileta nyumbani akakiweka juu ya kabati, akarudi kwenye twiga, maana tulikuwa tunakula. Simlaumu. Lakini mimi nina mshahara wa bima, na twiga sikulazimika kuchonga.

Tulipigiana simu sisi watatu. Rafiki yangu alikuwa amesoma rasimu mpaka mwisho na sauti yake ilikuwa imetulia kwa namna niliyoijua, ile inayotangulia tusi.

"Kaka yangu alitupa stoo yake bure na chai juu," alisema. "Leo anaandikwa kama mtu aliyenifungia ndani. Na adhana si ya kuanzia wimbo. Sisi tulinyamaza ikianza. Aseme kama anaelewa kwa nini tulinyamaza."

Nilikuwa na wasiwasi na mpiga ngoma. Katika wimbo wa keiteka kuna neno ambalo mzee wa kanisa hawezi kulitamka mbele ya waumini, na nilidhani angependa jina lake liondolewe au neno lenyewe lifunikwe. Nilimuuliza wazi.

"Mimi ndio nilipiga hiyo ngoma," alijibu. "Mchungaji akiuliza, nitamwambia ni mimi. Wacheni jina langu, na waliandike vizuri."

Kwa hivyo tulikubaliana kabla ya kuongea na yule mtu. Wiki iliyofuata tukaonana naye kwenye simu ya video, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki kumfanya mbaya hapa. Alikuwa amechoka, nyuma yake rafu zimejaa santuri, na aliipenda kazi yetu kwa dhati. Alieleza kwamba dunia ina albamu nyingi mno, na mnunuzi wa mbali anahitaji hadithi ya kumshika mkono. Alisema hajasema uongo mkubwa, amekoleza tu. Kuhusu adhana alisema ilikuwa nzuri sana kuiacha ipotee katikati.

Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia Tena ina ghorofa, ina shule, ina watu wanaopaka viatu rangi Jumapili na kuweka vitambaa vya kufuma juu ya sofa, na kwamba hata kama tungetoka kwenye mabanda, mabanda yangekuwa na haki ya kusimuliwa na sisi. Akasema anaelewa. Akauliza hadithi basi itakuwa ipi.

"Hadithi tunayo," nilimwambia. "Tulikuwa watatu, tulikuwa na stoo ya vitambaa, tulipiga roki kwa Kiswahili, na watu hawakuipenda. Andika hivyo."

 Akasema anaogopa haitauzika.

"Basi isiuzike. Ilishakosa kuuzika mara moja, na bado tuko."

Rafiki yangu aliinamisha kichwa ili asionekane akitabasamu. Mpiga ngoma alikuwa ameketi ndani ya lori lake na mkanda amefunga, sijui kwa nini, na alitikisa kichwa kukubali kwa muda mrefu. Tukamwambia masharti. Jalada lingine. Maneno mengine. Adhana irudi mahali pake, ndani ya rekodi nzima, na kimya chetu kiwepo. Sauti isisafishwe wala kuongezwa mwangwi. Kama haiwezekani, tunamshukuru kwa upendo wake na kila mtu aendelee na shughuli zake.

Akasema atatujibu, na kwa muda mrefu hakujibu.

Nitasema ukweli kuhusu kipindi kile: haikuwa rahisi. Mwenzangu mmoja ofisini, mtu mwenye nia njema, aliniambia nina kiburi, kwamba nafasi kama ile haigongi mlango wa karani wa Tena mara mbili. Kila jioni nilifungua barua pepe kabla ya kuvua viatu. Nilimpigia rafiki yangu nikamuuliza kama tumekosea. Aliniuliza kama ningeweza kuiweka santuri ile mezani, ikiwa na picha ya paa zile za kutu, mbele ya baba yangu. Nikasema hapana. Akasema basi ameenda kupika, tutaongea kesho.

Jibu lilikuja siku ambayo nilikuwa nimeacha kulingoja. Alikuwa amesikiliza upya rekodi ya adhana yote, tangu mwanzo mpaka tunapoanza tena kupiga, na alisema sasa amesikia jinsi tunavyoshusha vyombo, mmoja mmoja, bila kuambiana. Alikubali kila kitu. Akaniomba maelezo ya kijitabu niyaandike mimi.

Niliyaandika kwa Kiswahili, na nikataka Kiswahili kitangulie, Kiingereza kifuate nyuma kwa herufi zilezile. Picha ya jalada aliipiga kaka wa rafiki yangu kwa simu yake. Duka bado lipo. Aliniuliza nataka nini kwenye picha, nikamwambia stoo tu, kama ilivyo. Akapanga majora kwa rangi asubuhi nzima, akapiga picha moja, akanitumia bila neno.

Santuri ilipotoka, waliandika juu yake huko nje. Mmoja alisema tulikuwa mbele ya wakati wetu. Sikubaliani. Tulikuwa ndani ya wakati wetu kabisa, na ndio maana watu waliumwa kichwa. Hapa nyumbani vijana wachache walituma sehemu ya wimbo wa kipande mtandaoni, na mamia ya wengine wakaandika chini yake jinsi walivyosimamishwa wao. Hayo niliyasoma yote. Redio moja iliniita. Mtangazaji, binti mpole aliyekuwa amejiandaa, aliniuliza najisikiaje kwamba hatimaye nimekubalika. Nilimwambia albamu ni ileile, hatukubadilisha hata noti, kwa hivyo swali hilo awaulize wasikilizaji wake. Alicheka, akaucheza wimbo mzima, mpaka mwisho.

Mwezi wa nane rafiki yangu alikuja kwa harusi ya mpwa wake. Tuliomba ruhusa ya uwanja mdogo wa maegesho nyuma ya ploti yetu, Jumamosi alasiri. Mpiga ngoma alileta ngoma zake kwa pikapu ya kanisa. Niliitungua besi ukutani, nikaifuta vumbi, nikabadilisha nyuzi. Vidole viliniuma tangu noti ya kwanza. Rafiki yangu alikuwa amenenepa na mimi pia, na sauti yake ilikuwa imeshuka chini kidogo, ikawa na mchanga ndani yake ambao haukuwepo zamani. Niliupenda mchanga ule.

Watu walikusanyika kwa sababu mtaani watu hukusanyika penye waya na spika. Wengine walisikiliza wimbo mmoja wakaenda kununua unga. Wachache walibaki. Baada ya wimbo wa keiteka mama mmoja wa ghorofa ya tatu, mpangaji mpya nisiyemfahamu, aliteremka ngazi mpaka pale tulipokuwa, amejifunga leso, akatuuliza kama hatuna kazi ya kufanya nyumbani.

Nilimsalimia. Nilimwambia shikamoo, kwa kuwa alinizidi umri, na akaitikia kwa shida. Nikamweleza kwamba sisi ni wa hapa, tunaomba radhi kwa usumbufu, na tumebakiza nyimbo nne. Aliuliza kama hizo nne nazo ni hivihivi. Nikamwambia ndiyo, mama, wa mwisho una kelele kuliko huu.

Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akarudi juu, na baadaye nikamwona kwenye kibaraza chake, mikono ameikunja kifuani, uso umekaza. Hakuingia ndani. Sijui kama ulikuwa ni upinzani au kitu kingine, na sikutaka kujua.

Rafiki yangu aligeuka akaniuliza kwa macho kama tupunguze. Niliinama kwenye spika nikaongeza sauti ya besi, na mpiga ngoma akaanza kuhesabu.